Gunia linanyanyuliwa mara ngapi? Namna ya kupanga ghala na meza ya kubangua korosho ili watu wasiumie

Wandugu wa Mtwara na Lindi, korosho zikianza kudondoka tu kila mtu akili inahamia kwenye bei na kwenye mnada, ya mgongo hakuna anayeuliza mpaka ukatike. Naomba kabla magari hayajaanza kuja ghalani tuongee hili kidogo, maana mwezi wa kumi ukishaingia hakuna mwenye muda wa kupanga kitu, ni twende twende mpaka usiku.

Mi nilibeba magunia misimu sita, wa saba mgongo ukakataa. Na sio gunia la kilo themanini lililoniumiza, hapana, ni kiroba cha kawaida tu cha mkulima, nilikuwa nimesimama mguu mmoja juu ya chaga, zile fremu za mbao za kupangia magunia, mwingine chini, nikageuka kushoto kukipokea mikono ikiwa imenyooka mbele, nikasikia kama kitu kimechanika kiunoni alafu moto ukashuka mpaka kwenye kisigino. Miezi mitatu nilikuwa nashindwa hata kuvaa viatu, mke wangu ndo ananifunga kamba. Wenzangu wakaniambia umezeeka, nilikuwa na miaka 34. Nikakaa nyumbani nikaanza kusoma na kuuliza, na nilichokuja kukielewa ndo hiki naandika hapa: tatizo halikuwa mwili wangu, tatizo lilikuwa ghala lilivyopangwa. Ile elimu ya kupanga kazi imfuate mtu badala ya mtu kujipinda kuifuata kazi wataalamu wanaiita ergonomia, jina lisikutishe, ni vitu unavyoweza kufanya na fundi wa tofali na futi ya kupimia.

Anza na kuhesabu

Kabla hujanunua chochote, kaa siku moja ufuate gunia moja tu kwa macho. Mkulima analitoa shambani, anatwishwa, anatua kwenye baiskeli au bodaboda, linafika chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, linashushwa chini, linanyanyuliwa kwenda kwenye mizani, linashushwa, linamwagwa korosho zikaguliwe, zinajazwa kwenye gunia la katani, linanyanyuliwa tena kwenye rundo, gari likija linatolewa kwenye rundo linapandishwa, likifika ghala kuu linashushwa, mizani tena, rundo tena. Andika kila mara linapogusa sakafu na kila mara mtu anapolinyanyua. Wengi wakihesabu hivi wanashtuka, mi nilipata mara tisa kabla gunia halijalala pale linapotakiwa kulala. Sasa kazi yako yote ni kuzipunguza hizo tisa, kwa sababu hakuna mbinu ya kunyanyua iliyo salama kuliko kutonyanyua, na kila semina ya "kunja magoti nyoosha mgongo" ambayo haijagusa hiyo hesabu mi naiona imemwachia mzigo mbebaji peke yake.

Kwa nini kilo themanini sio kilo themanini

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo penye siri. Kuna taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, mwaka 1991 walirekebisha kanuni yao ya kupima kunyanyua mizigo, na wakasema mzigo wa mtu mmoja hata mazingira yakiwa mazuri kabisa usizidi kilo 23. Mazuri kabisa maana yake mzigo uko karibu na mwili, sentimita 25 hivi kutoka kwenye vifundo vya miguu, uko urefu wa sentimita 75 kutoka chini yaani pale vidole vya ngumi vinapofika ukiwa umesimama umeachia mikono, na hujajipinda.

Sasa angalia inavyoshuka. Mzigo ukiwa mbali, sentimita 50 badala ya 25, unakata nusu, kilo 23 zinabaki 11 na nusu. Ukiwa chini kwenye sakafu unazidisha kwa 0.775. Ukijipinda pembeni robo ya mzunguko unazidisha kwa 0.71. Weka yote matatu pamoja, mzigo uko sakafuni, uko mbali, na umejipinda, inabaki kilo sita na kidogo. Kilo sita! Na hapo hatujahesabu unarudia mara ngapi kwa dakika wala kazi inachukua masaa mangapi. Mi nilipokea kiroba nikiwa vile vile, mikono mbele na kiuno kimepinda, ndo maana kiroba kikafanya kile ambacho gunia kubwa halikufanya, kwa sababu gunia kubwa nilikuwa naliheshimu, natwishwa vizuri na wenzangu wawili na natembea nalo limekaa katikati ya mabega.

Gunia la katani la korosho linakwenda kilo 80 hivi. Shirika la Kazi Duniani, ILO, tangu mwaka 1967 katika pendekezo lao namba 128 walisema nchi zishushe mzigo wa mwanaume mmoja mtu mzima ufike kilo 55, na wa wanawake uwe chini sana ya hapo. Kwa hiyo gunia letu limepita kipimo cha zamani na cha sasa, sio suala la nani ana nguvu. Ukilibeba wawili bado ni arobaini arobaini.

Jukwaa la urefu wa bodaboda

Hiki ndo kitu kimoja ningekiomba kila chama cha msingi kikifanye. Pima keria ya bodaboda au baiskeli inayoleta mizigo kwenu, utakuta nyingi zinacheza kwenye sentimita 75 mpaka 80, yaani urefu ule ule wa kanuni, ni kama bahati tumepewa. Sasa sisi tunafanya nini, tunalishusha gunia kutoka urefu mzuri tunalipeleka sakafuni, alafu tunainama kulitoa sakafuni kulirudisha juu. Jenga jukwaa la tofali au la mbao nene mlangoni, urefu huo huo, boda inasogea ubavuni, gunia linateleza linaingia jukwaani bila kunyanyuliwa. Mizani ikae juu ya jukwaa hilo hilo, sakafu yake isawazishwe kabisa na iwe ngumu, na kabla hujahamisha mizani waite watu wa Wakala wa Vipimo wakuelekeze, usije ukaokoa mgongo ukaharibu kilo za wakulima. Gunia linatoka keria, linateleza kwenye mizani, linateleza kwenye toroli. Juu ya jukwaa pigilia bati laini au ubao uliopigwa randa ili liteleze, na tofali za pembeni zipakwe sementi vizuri zisichane magunia.

Pesa hamna? Basi hata chaga zikipangwa moja juu ya nyingine zikafungwa kwa waya zisicheze, mpaka ufike huo urefu, ni bora kuliko sakafu. Zipime kwa kusimama juu yake watu wawili kabla ya kuweka mzigo.

Mambo mengine ya hapo ghalani nayataja haraka. Mwambie mkulima alete viroba vyepesi, vya kilo 25 hivi, gunia la katani lijazwe pale pale likiwa limesimama juu ya toroli au chaga lisije likanyanyuliwa tena ndo lipelekwe. Usilijaze mpaka mdomo, acha masikio pande zote ya kushikia, gunia lisilo na masikio linamlazimisha mtu kulikumbatia kwa kucha. Toroli la magurudumu mawili, yale marefu ya kusimama, chagua la matairi ya upepo kama sakafu yako ina mashimo, na mashimo yenyewe yazibwe, ndoo mbili za sementi na mchanga zinatosha kwa mashimo mengi. Toroli linasukumwa halivutwi, ukilivuta unajipinda bega na likikushinda linakupanda.

Rundo, mtu wa chini asirushe gunia juu ya kifua chake. Likishafika kifuani, mwingine apande juu apokee, na yule wa juu awe na sehemu pana ya kukanyaga miguu yote miwili, sio mguu mmoja hewani kama nilivyofanya mimi.

Ubao wa kupandia kwenye Fuso, jamani, huu ubao umeangusha watu wengi. Upigilie vipande vya mbao kwa kukingama ili mguu upate pa kukanyagia, uwe mpana, ufungwe kwa kamba kwenye bodi la gari usiteleze, na mvua ikianza kunyesha kazi isimame mpaka ubao ukaushwe. Ubao mrefu wenye mteremko mdogo ni bora kuliko mfupi unaosimama kama ngazi, najua mrefu unakula nafasi, upewe nafasi.

Kutwisha na kutua

Pale ambapo bado lazima mtu abebe, basi abebe vizuri. Wanaotwisha wawe wawili na wawe na urefu unaokaribiana, mmoja ndo anatoa amri, "moja mbili twende", sio kila mtu anavuta kwa muda wake. Anayebeba asimame miguu imeachana upana wa mabega, mguu mmoja mbele kidogo, apokee mzigo ukiwa juu tayari, asiufuate chini. Akitaka kugeuka ageuze miguu, hatua ndogo ndogo, kiuno na vidole vya miguu viangalie upande mmoja muda wote. Hili la kugeuza miguu ukilifanya peke yake bila kingine chochote nililoandika hapa tayari umejisaidia sana.

Kutua nako kunasahaulika. Watu wakichoka wanaliachia gunia kwa kujipinda pembeni, ndo pale kiuno kinapokwenda. Tua kwenye kitu kilichoinuka, rudi kinyume nyume mpaka mgongo uguse rundo, alafu liachie.

Kuhusu ule mkanda wa kiunoni na wengine kanga iliyokazwa, ukiona inakupa joto na inakukumbusha sawa, lakini usibebe zaidi kwa sababu umeifunga. NIOSH hao hao mwaka 1994 waliangalia mikanda hii wakasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inamkinga mtu ambaye hajaumia asiumie. Na ile tabia ya kumeza diklofenaki au kuchoma sindano asubuhi ili siku iende, ndugu zangu naomba muiache, maumivu ndo kengele ya mwili, ukiizima unaendelea kuchana kitu ambacho kimeshachanika, na dawa zenyewe zikitumika ovyo zinatoboa tumbo na kuharibu figo.

Sasa kwa mama zetu wanaobangua

Mama yangu amebangua korosho tangu mi niko shule ya msingi, amekaa kwenye kigoda kifupi magoti yanagusa kifua, anamenya mpaka giza, na sasa hivi vidole vyake usiku vinakufa ganzi anaamka anavikung'uta. Kwa hiyo hapa naandika kwa uchungu.

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, ni dalili kwamba mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono unabanwa. Unabanwa kwa kukunja kifundo muda mrefu na kubana vidole kwa nguvu kurudia rudia, na kumenya korosho ni hivyo hivyo viwili kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ukiziona mapema na kubadili namna ya kufanya kazi mara nyingi zinatulia, ukizipuuza mkono unapoteza nguvu, unashindwa hata kukamua nazi.

Meza ipimwe kwa kiwiko. Kaa kwenye kiti, nyayo zote ziko chini zimetulia, mapaja yamelala, mabega umeyaachia, kunja mkono kiwiko kiwe kama herufi L, mtu akupimie kutoka chini mpaka kiwikoni. Kwa kazi ya kumenya na kupanga madaraja ambayo ni ya macho na vidole, meza iwe sentimita tano hivi juu ya kiwiko na uegemeze mikono kwenye kingo iliyofungwa kitambaa. Kwa mashine ya kukatia ile ya mkono na mguu, ambayo inataka nguvu, iwe chini kidogo ya kiwiko ili bega lisipande, na pedali iwe mbele yako kabisa, sio upande, ukikanyaga upande siku nzima nyonga inakwenda mrama. Mwenye mashine moja na wabanguaji watano wa vimo tofauti, usibadili meza, badili kiti, na aliye mfupi awekewe kibao cha kukanyagia ili miguu isining'inie. Kiti kiwe na mgongo. Kigoda kirudi jikoni, na jikoni kwenyewe ningekitoa.

Kisu cha kumenyea kina mpini mwembamba kama penseli, unalazimika kukibana. Zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka unene ufike kama wa kidole gumba chako, mkono unapumzika mara moja utaona. Kisu kiwe kikali pia. Glavu nazo, mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi kila mtu Kusini anajua, kwa hiyo kuvaa ni lazima kwenye kukata, lakini glavu kubwa kuliko mkono inakufanya ubane mara mbili ili korosho isiponyoke, kwa hiyo nunueni saizi tofauti, sio katoni moja ya saizi kubwa kwa wote.

Alafu mzunguko. Mtu asikate kutwa nzima na mwenzake asimenye kutwa nzima, kila saa moja wabadilishane, anayekata aende kumenya, anayemenya aende kupepeta au kupanga, misuli tofauti ifanye kazi. Dakika mbili tatu za kusimama na kunyoosha kila nusu saa hazipunguzi debe, nimekaa na kikundi kimoja cha Newala nikaona kwa macho yangu, jioni walikuwa bado wana kasi wakati zamani saa tisa walikuwa wameshapoa. Maji ya kunywa yawepo na choo kiwe karibu, maana akina mama wengi hawanywi maji makusudi kwa sababu choo kiko mbali au hakina mlango, na kwa joto letu la mwezi wa kumi na moja mwili uliokaukiwa unachoka na unaumia haraka.

Karani na mwenye bomba

Karani wa chama anayekaa na laptopu mpaka saa nne usiku naye anaumia, shingo na macho. Inua laptopu juu ya boksi mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, umbali wa mkono ulionyooka, tumia kibodi na mausi za pembeni, vitabu vya stakabadhi viwe mbele sio ubavuni. Kila dakika ishirini angalia mbali nje ya dirisha.

Kwa wanaopulizia mikorosho dawa, bomba la maji la lita 16 likijaa ni kilo 16 za maji peke yake, bado bomba lenyewe, na ile mashine ya salfa ya injini ipime mwenyewe kwenye mizani ujue unabeba nini. Mikanda yote miwili ivaliwe, ikazwe mpaka mashine iguse mgongo isining'inie kwenye makalio, na uivae ikiwa juu ya kichuguu au kisiki, usijitwishe kutoka chini. Jaza nusu kwenye miteremko.

Ukishaumia

Mgongo wa kawaida ukiuma, siku za mwanzo punguza mizigo lakini usilale kitandani wiki nzima, tembea tembea taratibu, kulala sana kunauchelewesha. Ila ukiona mguu unakosa nguvu, au ganzi imeshika sehemu za siri na mapaja kwa ndani, au mkojo na haja havizuiliki au havitoki, hiyo sio ya kukandwa wala kusubiri asubuhi, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Na uandike. Tarehe, saa, ulikuwa unafanya nini, nani aliona. Mi sikuandika, na chama nilichokuwa nabeba kikasema mimi ni kibarua wa gari, mwenye gari akasema mimi ni wa chama, nikabaki katikati na maumivu yangu. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inayosimamiwa na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaolipa mtu aliyeumia kazini, ila lazima ijulikane mwajiri wako ni nani. Kwa hiyo wewe kuli mwenzangu, kabla hujatwishwa gunia la kwanza msimu huu, muulize anayekuita mbele ya watu wawili, "mimi nimeajiriwa na nani hapa?", na jina lake uliandike kwenye karatasi uiache nyumbani.

Viongozi wa vyama nanyi nawaomba kitu kimoja kwenye malipo. Mkilipa kwa gunia kwa mtu mmoja mmoja, kila mtu atakimbia na hakuna atakayesubiri wa kumtwisha. Lipeni kundi zima kwa gari, watu wanne watano wagawane sawa, hapo wenyewe watasaidiana na mzee wao watampa kazi ya kuhesabu. Futi inauzwa kila duka la vifaa, nendeni kesho mkapime keria ya boda na mlango wa ghala, tofali zifyatuliwe jua lingalipo.